Tupeane uzoefu: mashua ndogo ya tanga na kafi ya kujiundia nyumbani, wewe uliichaguaje?

Wakuu, heshima kwenu. Nipo Mbeya mjini, nataka kuunda chombo kidogo uani, cha watu wawili, kiende kwa tanga upepo ukiwepo na kwa kafi (kasia fupi la kushika mkononi) ukikata. Maji yangu ni Ziwa Nyasa upande wa Matema. Michoro ninayoiona mingi ni ya mito na ghuba tulivu za Ulaya, na kila mmoja unasifiwa na mwenyewe. Mliokwisha kuunda, na mliokulia kwenye mitumbwi, mlichagua nini na kwa nini? Bei tuziache, tuzungumzie chombo chenyewe.

Mdau wa Kyela
Kaka, anza na upepo ndipo uje kwenye mbao. Ziwa lina urefu wa karibu kilomita 580 na limelala kaskazini-kusini. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa mwera unavuma kutoka kusini, na sisi huku tupo mwisho kabisa, kwa hiyo wimbi linalotufikia limekuja likikua njia nzima. Ukishashika unaweza kukaa siku kadhaa.

Ndiyo maana nilichagua chombo kinachopigika kafi vizuri kwanza, tanga likawa msaada. Ni chembamba, urefu kama mita nne na nusu, omo na tezi, yaani mbele na nyuma, zote zimechongoka. Watu wanavutiwa na upana kwa sababu chombo kipana hakiyumbi unapopanda. Haya, kipige kafi kuelekea upepo unakotoka, uone kama ufuko unasogea! Na unaporudi wimbi likiwa nyuma, tezi bapa inasukumwa na chombo kinageuka ubavu, ambapo iliyochongoka inalipasua.

Tanga langu ni kama mita nne za mraba, linaning'inia kwenye foromali moja ya mwanzi, ule mti wa kushikia tanga juu. Nikiona povu jeupe upande wa kusini, nalegeza kamba moja, tanga linashuka lote, nang'oa mlingoti nikiwa nimekaa na kuulaza ndani. Kisha kafi hadi nchi kavu. Mlingoti unaokulazimisha usimame ndipo uutoe haufai kabisa kwa chombo cha namna hii.

Fundi wa Mafinga
Kamwene. Mimi naunda kwa plaiwudi ya milimita 6, njia ya kushona. Unakata vipande kwa mchoro, unatoboa matundu kingoni, unavishona kwa waya wa shaba, unajaza pembe kwa epoksi (gundi ya kuchanganya) iliyochanganywa na unga laini wa mbao, kisha unabandika utepe wa faiba. Hakuna mataruma, yaani mbavu za ndani, ya kuchonga. Mashua ya Kiingereza iitwayo Mirror ndiyo iliyoieneza miaka ya 1960: mita 3.3, bodi tupu kama kilo 45, na watu wasio mafundi wakaiunda majumbani. Ila ile ni ya tanga na makasia, kwa kafi ni pana mno. Chukua njia yake, umbo liache.

Plaiwudi ndiyo itakayokuangusha au kukuinua. Omba kipande dukani, kichemshe jikoni saa nzima, kiache kikauke, halafu chokonoa ukingo kwa kisu. Tabaka zikiachana, hiyo ni ya dari. Angalia pia kama kuna mianya kati ya tabaka. Humo ndimo maji yatakamokaa. Wale wadudu wanaotoboa mashua za pwani hawapo kwenye maji baridi, lakini mvua za Kyela zinapita milimita 2,000 kwa mwaka, na maji ya mvua yakilala ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, mbao inaoza. Kigeuze kifudifudi kila unapokipandisha.

Na huku kwetu Juni na Julai epoksi haishiki vizuri, baridi ya Mufindi inaikatalia. Kazi ya gundi naipeleka Septemba na Oktoba.

Mama wa Matema
Mwanangu, kabla hujakata hata ubao mmoja njoo Lyulilo, hapa jirani na Matema, siku ya mnada. Utawaona akina mama wa Kikisi wakifika na vyungu kwa mitumbwi ya gogo. Tazama walivyopanga mzigo na wanavyokaa chini kabisa. Omba kupiga kafi kidogo.

Aliyeuliza
Ndaga fijo, mama, nitakuja. Mdau wa Kyela, vipi nikiweka mirengu, yale magogo ya kuelea pembeni, kama ngalawa za pwani?

Mdau wa Kyela
Kwa tanga ni nzuri sana, chombo chembamba kinabeba tanga kubwa bila kupinduka. Lakini mirengu inakuzuia kupiga kafi ubavuni, na kumbuka chombo chako kitashuka Uyole hadi Tukuyu hadi Kyela juu ya gari. Kama utaiweka, iwe ya kufungwa kwa kamba, uifungue ukifika.

Mimi nilipendelea ubao wa kuning'iniza ubavuni, unaouteremsha majini ili upepo usikusukume pembeni. Ule wa kupita katikati ya chombo unadai sanduku sakafuni, linavuja na linachukua nafasi ya magoti. Halafu ziba omo na tezi ziwe vyumba vya hewa. Kikijaa maji kitaelea, nawe utaweza kuyafua, yaani kuyachota na kuyamwaga nje. Jaketi la kuokolea livaliwe tangu ufukoni, lisiwekwe chini ya kiti. Ukipata mchoro uweke hapa, tuutazame pamoja kabla hujanunua plaiwudi.