Neno la Kiingereza "sundry": maana na asili yake

Mwanafunzi wa Uhasibu:
Ndugu wanajukwaa, katika masomo yangu ya uhasibu nakutana kila mara na "sundry debtors" na "sundry expenses". Kamusi inasema ni "mbalimbali", lakini wadaiwa wote si ni watu mbalimbali? Naomba kufahamishwa maana yake hasa, na neno hili limetoka wapi.

Mpenda Lugha:
Ndugu, hili ni neno la Kiingereza cha kale, tofauti na "various" na "diverse" yenye asili ya Kilatini. Zamani lilikuwa "syndrig", yaani kilichotengwa, kilicho peke yake, na jamaa zake bado wapo: "asunder" la Kiingereza, lenye maana ya kutengana, na "zonder" la Kiholanzi, yaani bila. Vitu vikitajwa kimoja kimoja, kila kimoja kwa namna yake, msikilizaji huishia kuuona wingi wake na tofauti zake, na kwa njia hiyo maana ikahama taratibu. Kwetu pia imetokea hivyo, kwani "mbalimbali" limezaliwa na "mbali". Hata "several" asili yake ni kutenga, na wanasheria wameihifadhi maana hiyo: wadhamini wakiwajibika "jointly and severally", yaani kwa pamoja na kila mmoja peke yake, mkopeshaji anaweza kumdai yeyote kati yao deni zima.

Mtunza Leja:
Niongeze la kazini. Mteja aliyechukua mifuko miwili ya saruji kwa mkopo, na huenda asirudi tena mwaka huu, hafunguliwi akaunti yake. Huingizwa pamoja na wenzake wa aina hiyo katika "sundry debtors". Kwa hiyo neno lililomaanisha "peke yake" sasa linawakusanya wale wasio na ukurasa wao wenyewe. Ndiyo sababu napendelea kuandika "wadaiwa wengineo" na "gharama nyinginezo". "Mbalimbali" halimwelezi msomaji kwa nini wamewekwa pamoja.

Msomaji wa Maandiko:
Nakubaliana nanyi, ila nje ya leja "mbalimbali" linafaa kabisa. Biblia ya King James ya mwaka 1611, katika Waebrania 1:1, ina "at sundry times", yaani nyakati mbalimbali, moja baada ya nyingine. Na katika "all and sundry" maana ya kale bado inasikika: "all" huwataja watu kwa pamoja, na "sundry" humtaja kila mmoja wao.