Nipande maboga mwezi gani katika bustani ya nyumbani hapa Tanga?

Mgeni wa Pongwe

Ndugu zangu, salaam. Nimekulia Mbozi, ambako mama yetu alikuwa akipanda maboga katikati ya mahindi mara tu mvua za kwanza zilipoanza mwezi Novemba, na habari ya tarehe haikuwa na mjadala. Baada ya kuhamia Tanga nilifuata desturi ileile: masika yalipoanza, katikati ya Machi, nilichimba mashimo sita nyuma ya nyumba nikapanda. Majani yalistawi ajabu, tukala msusa hadi tukatosheka, lakini sikupata boga hata moja. Maua mengi yalidondoka, na viboga vichache vilivyojitokeza viliingia rangi ya njano, vikaoza vikiwa bado na ukubwa wa ndimu. Jirani anasema udongo wa pwani hauna nguvu; mimi naushuku wakati. Je, nipande mwezi gani?

Mkulima wa Muheza

Ndugu, udongo uusamehe, kwani shina lililowalisha msusa nyumba nzima halikukosa chakula. Boga huanza kutoa maua baada ya wiki sita hadi nane tangu kupandwa, na kwa hesabu hiyo mbegu zako za Machi zilichanua Mei, wakati ambapo masika hapa kwetu huwa yamepamba moto. Ua la boga hufunguka alfajiri na kusinyaa kabla ya adhuhuri, nalo halifunguki tena; mvua ikinyesha asubuhi hiyo nyuki hawatoki, chavua inalowana, na kile kiboga kichanga kilicho chini ya ua jike, kwa kuwa hakikuchavushwa, hugeuka njano na kuoza. Yale maua yaliyodondoka mwanzoni yasikusikitishe: aghalabu maua dume hutangulia, na kudondoka ndiyo kawaida yake.

Kwa sababu hiyo mimi huamua kwanza mwezi ninaotaka maua yafunguke, kisha ndipo nahesabu kurudi nyuma hadi siku ya kupanda. Nikipanda katikati ya Oktoba, mvua za vuli hukuza mashina, maua hufunguka Desemba mvua zinapopungua, na maboga hukomaa mwishoni mwa Januari au Februari. Ukitaka kutumia masika, subiri hadi mwisho wa Aprili, lakini ujiandae kumwagilia Juni na Julai. Mimi napendelea vuli, na nakiri kuwa sababu mojawapo ni tumbo: boga lililokomaa, likikatwa pamoja na kikonyo chake na kuwekwa mahali pakavu penye hewa, hukaa miezi miwili au zaidi, na kwa kuwa Ramadhani ya miaka hii inaangukia Februari, futari ya boga la nazi inatoka bustanini.

Bibi wa Lushoto

Mwanangu, aliyotangulia kuyasema mwenzangu ni sahihi, ila kuna jambo amelipita. Ulivipasua vile viboga vilivyooza? Kama ndani mlikuwa na funza, basi aliyekuharibia ni nzi wa matunda, ambaye hutoboa ganda likiwa laini na kutaga mayai, naye hubadilishi tarehe ukamkwepa kabisa. Viboga vya namna hiyo usiviache chini wala usivitupe kwenye mbolea. Vifunge katika mfuko na kuuacha juani siku kadhaa. Vilivyo vizima vifunike kwa karatasi mara ua linaponyauka, hadi ganda ligumu kidogo.

Nyuki wakiwa adimu, chuma ua dume kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, toa petali zake, kisha upake chavua yake katikati ya ua jike. Na huo msusa, mwanangu, muwe na kiasi! Shina linalochumwa majani kila siku halibaki na nguvu ya kulea boga, kwa hiyo tenga mashina ya mboga na mashina ya matunda.

Huku kwetu milimani sipandi Juni wala Julai, kwa maana baridi huzifanya mbegu zikae ardhini muda mrefu, na nyingi huoza kabla ya kuota.

Mkazi wa Kongwa

Mnaohesabu maua mna bahati ya kuwa na misimu miwili. Huku Dodoma mvua ni moja, kwa hiyo tunapanda Desemba ardhi ikishalowana vizuri, kwani kuchelewa ni kuyaacha maboga yakomae katika ukame. Mwenye maji ya bomba ana uhuru zaidi, mradi amwagilie chini ya shina na si juu ya majani, maana majani yanayolala na unyevu hushambuliwa na magonjwa kwa urahisi.

Mgeni wa Pongwe

Shikamoo Bibi, na ahsanteni nyote. Sikuvipasua, nilivitupa kwenye shimo la mbolea, jambo ambalo sasa naliona lilikuwa kosa. Nimeamua kupanda katikati ya Oktoba mashimo manne yaliyoachana mita mbili, kila moja likiwa na samadi iliyooza vizuri na mbegu tatu, kisha nitapunguza nibakize mche mmoja wenye afya. Mashimo mawili ya kando ya ukuta nitayaacha kwa ajili ya msusa. Jirani naye ameniomba mbegu, na habari ya udongo hajaigusa tena.