Naombeni ushauri: polipeptidi yangu inagoma kuyeyuka kwenye maji

Habari zenu wakuu, nimekwama naomba mnisaidie. Natengeneza asidi ya poliglutamiki (ndiyo polipeptidi yenyewe, mnyororo wa glutamati) kwa njia ya NCA (N-kaboksianhidridi, umbo la asidi amino lenye pete ambalo huungana kuwa mnyororo), yaani naanza na glutamati yenye kinga ya benzili (kikundi kinachozuia asidi ya pembeni isishiriki), naigeuza NCA kwa trifosijini ndani ya kiyeyushi cha THF, halafu naipolimisha kwenye kiyeyushi cha DMF kikavu nikianzisha na heksilamini, monoma 100 kwa amini 1 ili minyororo itoke na urefu wa karibu 100.

Kwenye infraredi kile kilele cha NCA cha 1853 cm⁻¹ kinapotea vizuri kwahiyo monoma inaisha, ila GPC (kipimo cha urefu wa minyororo) inanionyesha kilele chenye bega upande wa minyororo mirefu. Na nikishatoa benzili kwa HBr (asidi ya hidrojeni bromidi) nikaweka bikaboneti ya sodiamu, maji yanabaki meupe kama yametiwa chokaa hata nikikoroga usiku kucha. NMR (kipimo cha muundo wa molekuli) bado ina kilele kidogo cha benzili pale 7.3 ppm, na hapo ndo wasiwasi wangu ulipo.

Nimeshasafisha NCA kwa kuifanya fuwele mara 3, nikashusha joto hadi nyuzi 0, bega limepungua ila halijaisha. Njia ya nikeli ya Deming ya 1997 (kuanzisha minyororo kwa kichocheo cha nikeli badala ya amini) naijua, lakini sina sanduku la naitrojeni la kufanyia kazi bila hewa.

Naomba kujua, hilo bega ni amini kufanya kazi kama besi (kunyakua protoni ya NCA badala ya kuanzisha mnyororo) au ni uchafu wa kloraidi uliobaki kutoka kwenye trifosijini, na nitatofautishaje? Pia naweza kuongeza muda wa HBr bila kukata minyororo? Asanteni sana.