Majitaka ya Moshi na mashamba ya mpunga ya Mabogini

Swali
Ndugu wanajukwaa, majitaka ya mji wa Moshi husafishwa katika mabwawa ya Mabogini, na wakulima wa jirani huyatumia kumwagilia mpunga. Je, maji hayo yakitoka yakiwa na rangi ya kijani, ni salama kwa mkulima na kwa mito iliyo chini?

Jibu la kwanza
Rangi hiyo hutokana na mwani, yaani vimea vidogo sana vya majini, nao ndio mtenda kazi mkuu wa mabwawa hayo: mchana hutoa oksijeni ambayo bakteria huihitaji ili kumeng'enya uchafu, huku jua likiua vijidudu na mayai ya minyoo yakizama, kwa kuwa maji hukaa humo siku nyingi. Kinachonitia wasiwasi ni tope. Lisipoondolewa, bwawa hupungua kina na maji hupita upesi kabla ya kusafika.

Jibu la pili
Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba maji ya umwagiliaji yasizidi wastani wa yai 1 la minyoo kwa lita, jambo ambalo maabara pekee huweza kulithibitisha. Mkulima anayesimama pekupeku majarubani yumo hatarini kupata safura, ugonjwa wa minyoo wanaopenya kwenye ngozi ya miguu. Tafadhali, avae mabuti.

Jibu la tatu
Naitrojeni na fosforasi hubaki katika maji yaliyosafishwa. Kwenye mpunga ni mbolea, lakini zikifika Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililo chini kwenye mkondo wa mito hiyo, hustawisha mwani na magugu maji, na samaki hukosa hewa usiku. Ni heri maji yapite shambani kwanza.