Mdogo wangu kakamatwa usiku Katy, Texas: namtafuta vipi kwenye rekodi za jela?

DadaWaKigamboni

Habari za saa hizi wakuu. Wenye uzoefu wa Texas naombeni msaada, nimechanganyikiwa.

Mdogo wangu yuko huko kwa viza ya mwanafunzi. Jana usiku alikuwa anatoka kwenye sherehe maeneo ya Katy, wakasimamishwa barabarani. Rafiki aliyekuwa naye anasema walimpima pombe, wakampiga pingu, wakaondoka naye, na gari ikavutwa. Polisi gani, hajui. "Polisi tu, gari nyeusi na nyeupe." Toka hapo simu yake ilikuwa inaita bila kupokelewa, sasa haipatikani kabisa.

Nimeingia tovuti ya jela ya Kaunti ya Harris, nikaandika majina yake yote matatu, hamna kitu. Nikatafuta Google, ikaja tovuti inadai ina rekodi za kukamatwa za Marekani nzima. Imezunguka weee, inaniambia "tumempata", mwishoni inataka kadi ya benki. Nilipe? Jela niliyoipigia simu imepokea mashine, nikabonyeza namba mpaka ikakata. Mimi niko Minneapolis, mama yuko Dar na hajui lolote. Sitaki ajue kabla sijajua mtoto yuko wapi.

Mzaramo_Houston

Pole sana dada. Usilipe hata senti. Hizo tovuti "zinampata" mtu yeyote utakayemwandika, hata ukiandika jina la paka wako. Orodha ya waliomo jela inatolewa bure na sherifu wa kaunti yenyewe. Jaribu pia huduma ya jimbo ya kuwaarifu wahanga wa uhalifu mtu akitoka ndani, maana yeyote anaweza kuitumia kutafuta. Bi Karani akipita hapa atakueleza vizuri, ndiyo kazi yake.

Bi Karani

Nimefika. Pole mwanangu, na hongera kwa kutotoa kadi.

Mimi ni karani kwenye ofisi ya wakili wa jinai hapa Houston, na Jumatatu asubuhi yangu ndiyo hii: kutafuta waume, wana na wapwa waliopotea wikiendi. Wengi hukwama palepale ulipokwama wewe, kwenye jina la kaunti. Katy ni mji mmoja uliokaa kwenye kaunti tatu: Harris, Fort Bend na Waller. Kila kaunti ina sherifu wake, jela yake na orodha yake, na hakuna daftari moja linalozikusanya zote. Jela ya Harris iko katikati ya Houston, ya Fort Bend iko Richmond, ya Waller iko Hempstead. Ukitafuta Harris tu, umefungua mlango mmoja kati ya mitatu.

Rangi ya gari haikusaidii. Trupa, yaani polisi wa jimbo, naye anaendesha nyeusi na nyeupe, na yeye hana jela yake, humpeleka mtu jela ya kaunti alikomkamatia. Muulize huyo rafiki mambo mawili: walisimamishwa karibu na njia gani ya kutokea barabara kuu, na karatasi ya gari iliyovutwa iko wapi. Karatasi ile mara nyingi ina jina la kikosi kilichoamuru gari livutwe. Hapo umeshajua pa kuanzia.

Sasa kuhusu muda. Mtu haingii kwenye orodha kwa sababu kafungwa pingu. Anaingia baada ya kuandikishwa: picha, alama za vidole, maswali ya afya, mali zake kuorodheshwa. Kwa kesi ya pombe kuna kipimo cha pumzi au damu kwanza, na damu akikataa polisi anaweza kwenda kuomba hati kwa hakimu. Huku Harris, isitoshe, polisi humpigia mwendesha mashtaka wa zamu, usiku na mchana, akubali shtaka kwanza ndipo lifunguliwe. Saa kadhaa za ukimya ni za kawaida, hasa usiku wa Jumamosi. Usitafsiri ukurasa mtupu kuwa mtu kapotea.

Na jina! Hapa ndipo sisi Waswahili tunaumia. Chukua mfano wa Salum Juma Mbwana. Leseni inaweza kusema Mbwana, Salum. Pasipoti ikaandika Juma Mbwana kama jina la ukoo. Askari aliyechoka saa tisa usiku anaandika Juma, Salum, na Mbwana hayupo tena. Mwenye pasipoti ya jina moja viza yake huandikwa FNU (kifupi cha "jina la kwanza halijulikani" kwa Kiingereza) mahali pa jina la kwanza, na nimewahi kumkuta mtu jela akiitwa "Fnu" hadi na wahudumu wa chakula. Kwa hiyo usiandike majina yote matatu. Andika jina la ukoo peke yake. Likikataa, weka jina la baba mahali pa ukoo, kisha jina lake la kwanza mahali pa ukoo. Punguza herufi: kama tovuti inakubali herufi tatu za mwanzo, zitumie, maana Mohamed ana sura nyingi. Tarehe ya kuzaliwa anza na mwezi, na kama wamewahi kuipindua huko nyuma, jaribu zote mbili.

Ukimpata utaona namba ya kuandikishwa, shtaka, kikosi kilichomkamata na kiasi cha dhamana kama kimeshapangwa. Harris utaona pia SPN, sisi tunaiita "spini". Ni namba ya mtu, si ya kesi, na haibadiliki hata akirudi tena baada ya miaka kumi. Andika kila namba, maana ukipiga simu na namba unasikilizwa, ukipiga na kilio unawekwa kusubiri.

Unachosoma pale ni madai ya polisi, hajahukumiwa mtu. Kuendesha umelewa kwa mara ya kwanza, bila cha ziada, hapa Texas ni kosa dogo la daraja B: kifungo kisichozidi siku 180 na faini isiyozidi dola 2,000. Sheria inataka afikishwe mbele ya hakimu ndani ya saa 48, asomewe anachodaiwa na haki zake, na dhamana ipangwe. Ukiweka dhamana yote taslimu, inarudi kesi ikiisha akihudhuria, ukitoa makato madogo. Ukipitia kampuni ya bondi, ile inayomdhamini mtu kwa malipo, unalipa sehemu tu, mara nyingi kama asilimia 10, na hiyo umeshaisahau.

omosh_254

Mimi hii mambo ya kuanika watu hainiingii akilini. Jamaa yangu alishikwa, kesi ikatupwa, lakini picha yake ya jela bado iko kwa tovuti fulani na walitaka pesa ndio waitoe. Hiyo si haki.

Bi Karani

Omosh, ni kweli inauma, na watu wamekosa kazi kwa hilo. Lakini mimi nimeona pia faida yake: jela inayolazimika kutaja nani yuko ndani haiwezi kumficha mtu. Chini ya sheria ya habari za umma ya Texas, taarifa za msingi za aliyekamatwa, yaani nani, lini, wapi na kwa kosa gani, haziwezi kufichwa kwa kisingizio kwamba uchunguzi unaendelea.

Jamaa yako kama ni wa Texas asilipe. Tangu 2013 kuna sheria inayozikataza biashara za namna hiyo kutoza pesa ili zirekebishe au zitoe rekodi isiyo sahihi au isiyokamilika. Na kwa kuwa kesi ilitupwa, amuulize wakili kama anaweza kuomba mahakama ifute rekodi ya kukamatwa yenyewe. Amri ikitoka, jela na polisi wanapaswa kuondoa zao, na hizo tovuti zinapelekewa nakala.

DadaWaKigamboni

NIMEMPATA. Yuko Fort Bend. Jina la baba wameligeuza la ukoo na wameongeza H mahali ambapo haijawahi kuwepo. Dhamana imeshaonekana. Mungu awabariki.

Lakini sasa hivi kuna mtu kanipigia, anajua jina lake na shtaka, anasema yeye ni afisa wa jela na nikinunua kadi za zawadi nimsomee namba atamtoa leo. Kingereza chake kizuri, ana heshima kweli. Nifanyeje? Na uhamiaji je?

Bi Karani

Kata simu. Huyo kasoma orodha ile ile uliyoisoma wewe. Hakuna jela inayopokea dhamana kwa kadi za zawadi. Piga namba iliyo kwenye tovuti ya sherifu, uulize dhamana inalipwa wapi na kwa njia gani.

Uhamiaji: akiisha kuwekewa dhamana anaweza bado kushikiliwa hadi saa 48 zaidi, ikiwa ICE, yaani askari wa uhamiaji, wametuma ombi la kumzuia. Kwa hiyo kabla ya kulipa uliza kama kuna zuio lolote juu yake. Akitoweka kwenye orodha ya Fort Bend na hajakupigia, mtafute kwenye tovuti ya ICE kwa jina na nchi aliyozaliwa. Ile haina huruma kwa herufi, kwa hiyo jaribu na hiyo H yao.

Kwa Mtanzania, aliyemkamata anatakiwa kuujulisha ubalozi wetu hata kama mwenyewe hajaomba, kwa mkataba. Omosh, Kenya haimo kwenye orodha ya nchi zenye mkataba wa namna hiyo, ninyi mpaka muombe.

Akikupigia kutoka ndani, simu inarekodiwa. Muulize amekula, ana dawa, basi. Alikunywa nini na ngapi, amwambie wakili.

Akitoka, mtafutie wakili wa jinai na wa uhamiaji kwa pamoja, na asipande ndege kwenda nje ya nchi kabla hajamwona huyo wa pili, maana viza inaweza kufutwa kwa kukamatwa tu, kabla ya hukumu. Namba ya kesi utaipata kwa karani wa kaunti, si kwa sherifu, na tarehe ya mahakama ufuate ile ya karani. Halafu atazame karatasi alizopewa usiku ule: kama kuna taarifa ya kusimamishwa leseni, ana siku 15 tangu alipopewa za kuomba kusikilizwa. Kesi ya jinai haizisimamishi siku hizo, na wengi huja ofisini kwetu zimeshapita.