Ligi ya raga ya wachezaji 13: mwenye timu akae kwenye kamati kuu?

MkufunziMalindi:

Assalamu alaikum, na hamjambo nyote. Ninafundisha michezo katika shule moja hapa Malindi, na jioni maji yakipwa hukusanya vijana ufuoni Silversand kwa raga ya wachezaji 13 (rugby league). Sasa timu zetu za hapa, Watamu, Kilifi na Mombasa zimekubaliana kuanzisha ligi. Wamejitokeza wafadhili wa kuwalipa wachezaji posho kila mechi, na mimi nimepewa kazi ya kuandika katiba. Kifungu kinachotushinda ni kimoja: kamati kuu iundwe na nani?

Wenye timu wameleta rasimu yao. Kila mmoja wao awe na kiti na kura, na kamati hiyohiyo ipange ratiba, igawe fedha za udhamini, iadhibu wakosaji na iamue timu gani mpya iingie. Hoja yao ni kwamba wao ndio wanaonunua jezi na kulipa nauli. Gharama yao naiheshimu. Lakini siwezi kuandika kifungu hicho huku najua yaliyotokea Australia.

Ligi ya huko, NRL, ndiyo ninayoifuata, maana saa zake zinaniafiki: mechi ya Jumapili alasiri Sydney huku kwetu ni saa tatu asubuhi. Leo ndiyo ligi yenye nguvu kuliko zote za raga hii, lakini huko nyuma ilipasuka vipande viwili. Kampuni ya Rupert Murdoch ilitaka haki za televisheni, ikaanza mwaka 1995 kusajili klabu na wachezaji kwa fedha nyingi, na msimu wa 1997 nchi moja ikawa na ligi mbili na mabingwa wawili. Wakapatana 1998: ligi moja yenye timu 20, umiliki nusu kwa nusu kati ya kampuni na chama cha raga, kwa sharti kwamba kufikia 2000 zibaki timu 14.

Waliotupwa nje ni pamoja na South Sydney, klabu iliyozaliwa na ligi yenyewe mwaka 1908 na yenye ubingwa mwingi kuliko klabu nyingine yoyote. Mashabiki wakaandamana Sydney kwa maelfu, kesi ikaenda mahakamani, na 2002 timu ikarudishwa. Mwaka 2014 ikatwaa ubingwa. Klabu iliyokwisha andikiwa kifo mezani! Kila nikikumbuka hili nauliza ni timu ngapi ndogo zilizokufa kwa sababu hazikuwa na umati wa kuzililia barabarani.

Halafu 2010. Melbourne Storm walibainika kuwalipa wachezaji kupita ukomo wa mishahara kwa mikataba ya siri. Wakanyang'anywa ubingwa wa 2007 na 2009, na msimu ule wakaendelea kucheza bila kupewa alama. Mwenye Storm alikuwa nani? Kampuni ileile yenye nusu ya ligi. Adhabu ilikuwa kali na ilistahili, nawapa haki yao. Hata hivyo mshtakiwa hawi kadhi wa kesi yake mwenyewe. Februari 2012 kampuni ikajiondoa kwenye umiliki wa ligi, ikaundwa tume huru ya makamishna wasiotoka kwenye klabu.

Ninachotaka kuandika ni hiki: klabu ziwe wanachama, ziichague tume ya watu watano na ziwe na uwezo wa kuiondoa, ila mwenye timu, mkufunzi wake na jamaa yake wa karibu wasikae ndani. Na timu ipande au ishuke kwa matokeo ya uwanjani. Mnasemaje?

BintiMvita_Leeds:

Waalaikumu salaam, mwalimu. Mimi ni wa Mombasa, kazi imenileta Leeds, na huku raga ya 13 ndiyo mazungumzo ya kwenye basi. Tume naiunga mkono. Kwenye kupanda na kushuka nataka nikupe picha kamili, maana Uingereza wamejaribu karibu kila njia.

Kuanzia 2009 hadi 2014 timu ziliingia Super League, ligi kuu ya huku, kwa leseni: kiwanja chako, vitabu vyako vya hesabu, vijana unaowalea. Ikalalamikiwa kwamba mechi za mwisho wa msimu hazina uzito. Mwaka 2015 wakarudisha kupanda na kushuka, kwa mfumo wa kuzigawa timu makundi ya nane-nane katikati ya msimu. Ukafutwa baada ya 2018. Kisha wakashirikiana na kampuni ya IMG, na tangu msimu wa 2025 kila klabu inapimwa kwa alama 20: mashabiki, matokeo, fedha, uwanja na eneo inakotoka. Ukifikisha 15 wewe ni daraja A na hushuki. Matokeo ya uwanjani ni robo tu ya alama hizo.

Waliochomwa na mfumo huo ni London Broncos. Mwaka 2023 walikwenda Toulouse wakashinda fainali ya kupanda daraja. Lakini alama za majaribio zilizotangazwa mwaka huohuo ziliwaweka chini mno, kwa hiyo walianza msimu wa 2024 wakijua kwamba hata wakicheza vipi, kubaki ni vigumu. Wachezaji walijituma mwaka mzima, wakashuka. Msimu wa 2026 ligi ikapanuliwa kutoka timu 12 hadi 14, na nafasi mbili zikaamuliwa na jopo.

Kinachoniuma mimi si mfumo huu wala ule. Ni kwamba kanuni hubadilishwa kila baada ya miaka michache, na klabu iliyojenga jukwaa ili ipate leseni inakuta leseni imefutwa. Mwalimu, andika kwamba kanuni ya kupanda na kushuka isiguswe kwa miaka mitano, na mabadiliko yoyote yaanze misimu miwili baada ya kupitishwa.

Jahazi_Watamu:

Mimi ni mmoja wa hao wenye timu, na nitasema wazi. Tume huru ikikosea, anayelipa ni nani? Kamishna atarudi nyumbani kwake salama. Mimi nitabaki na deni la basi na la hospitali ya kijana aliyevunjika bega.

Hapa Kenya ligi kuu ya kandanda iliendeshwa miaka mingi na kampuni ya klabu zenyewe, KPL, hadi shirikisho lilipoichukua 2020. Ilikuwa na kasoro, lakini ratiba ilikuwepo na wenye klabu walijua fedha zinaingia wapi. Na mwaka 2015, shirikisho na KPL walipovutana kuhusu idadi ya timu, tukapata ligi kuu mbili kama hao Waaustralia wako. Tatizo halikuwa wenye klabu peke yao.

Tena msisahau mdhamini. SportPesa walipojiondoa 2019, Gor Mahia na AFC Leopards walitetereka papo hapo. Anayejua namna ya kuishi siku mdhamini akiondoka ni mwenye timu. Kutunyima kiti kabisa ni kututupa.

Nahodha_Amu:

Nimesoma mara ya kwanza, nikarudia. Malindi, Watamu, Kilifi, Mombasa. Amu, yaani kisiwa cha Lamu, haimo! Tunao vijana Shela wanaokimbia mchangani asubuhi kabla ya kazi, na wanaijua raga hii.

Najua sababu: safari. Mashua hadi Mokowe, kisha basi kupitia Witu na Garsen mpaka kwenu, na kurudi hivyo hivyo. Mkituhesabia uwanja na idadi ya watu kama hao wa Leeds, kisiwa hakitaingia milele. Mkitwambia tulipe nauli ya kila mgeni, tutakufa kama Toronto Wolfpack, klabu ya Kanada. Wale waliingia kwenye ligi za Uingereza mwaka 2017 wakianzia daraja la tatu, wakapanda hadi Super League ya 2020, na walikuwa wakigharimia safari na malazi ya timu zinazowafuata Kanada. Korona ilipofika wakajitoa katikati ya msimu, na walipoomba kurudi klabu nyingine zikapiga kura ya kuwakataa. Mwalimu, hapo ndipo hoja yako ina nguvu: waliopiga kura ndio ambao wangegawana nao fedha.

Naomba nauli ya safari ndefu itoke kwenye mfuko wa ligi kabla ya kugawana kitu kingine chochote.

MkufunziMalindi:

Ndugu zangu, nimewasikia.

Nahodha, Amu hamkutajwa kwa sababu hakuna aliyefika kikaoni kutoka huko, na hiyo si sababu njema. Kifungu cha nauli kinaingia, na kinatangulia mgao. Tukipeleka mechi mbili kwa safari moja, Jumamosi Amu na Jumapili Amu, gharama itapungua pia.

Dada wa Leeds, miaka mitano na misimu miwili naichukua kama ulivyoisema.

Bwana Jahazi, umenigusa kwenye deni la hospitali. Basi tugawe mambo. Bajeti ya mwaka na mkataba wowote wa udhamini vipite kwenye mkutano wa klabu, na kura ya mwenye timu ihesabiwe hapo. Ratiba, nidhamu, usajili na timu mpya vibaki kwa tume peke yake. Kwenye hayo manne sirudi nyuma, kwa sababu ndiyo anayopatia mtu nafasi ya kumwumiza jirani yake ili timu yake ipite. Bima ya majeruhi ilipwe na ligi, isiachiwe mwenye timu mmoja mmoja.

Kuna jambo ambalo hakuna aliyelitaja, nami nalishikilia. Raga hii ilizaliwa Huddersfield, Agosti 1895, klabu za kaskazini mwa Uingereza zilipojitenga kwa sababu wakubwa wa mchezo walikataa mchezaji alipwe fidia ya ujira anaoukosa siku ya mechi. Walikuwa wafanyakazi wa migodi na viwanda. Vijana wangu ni wa bodaboda na wa kuvua, na Jumamosi ndiyo siku yao ya kupata. Kwa hiyo katika watu watano wa tume, mmoja achaguliwe na wachezaji wenyewe, na posho iwe deni la kwanza la ligi baada ya nauli.

Kikao ni baada ya Ijumaa. Tutahitaji pia kusajiliwa kwa Msajili wa Michezo chini ya Sheria ya Michezo ya 2013. Aliyewahi kupitia mlango huo na ligi au klabu yake, naomba anieleze hapa ni nyaraka gani zilimrudisha nyumbani.