Vespa PX 150 ya zamani haichanganyi (haishiki kasi), mlimani ndo kabisa. Msaada wadau

BintiGoba

Wakuu habari za mchana. Nina Vespa PX 150 niliyoachiwa na mjomba, ile ya gia za mkononi na ya kuchanganya oili kwenye petroli. Kuwaka inawaka vizuri, kiki moja au mbili, sailensa (mlio wa chini bila kugusa mafuta) imetulia, shida ni ukiingia barabarani. Haichanganyi kabisa. Gia one na two inajivuta tu, ukitia three ukafungua mafuta mpaka mwisho inatoa mlio mzito kama mtu kazibwa mdomo na spidi haiongezeki, ukirudisha mkono kidogo inapata afadhali. Nikitoka Ardhi kupanda Makongo kwenda nyumbani Goba bajaji zenye abiria watatu zinanipita, mimi nimeng'ang'ana na two mpaka juu, na kipindi cha mjomba huo mlima ilikuwa inaumaliza na three. Haikuanza ghafla, nguvu imekuwa ikipungua pole pole.

Fundi wa kwanza kasema ringi zimeisha anataka kushusha injini, na hela ya ovaholi kaitaja kabla hajafungua hata plagi. Wa pili kasema kabureta imechoka nikanunue nyingine Kariakoo. Sina hela ya kubahatisha na hii skuta naipenda. Nianzie wapi? Natanguliza shukrani.

Kibao_cha_Ilala

Dada kabla ya yote iweke stendi, nyutro, zungusha tairi la nyuma kwa mkono. Hizi za zamani breki ya nyuma inabana, kebo ikishika kutu hairudi yote na hewa yetu ya chumvi inakula kebo vibaya sana. Unaweza kulaumu injini kumbe unaendesha huku umeshika breki. Ikizunguka freshi toa filta ya hewa, endesha bila filta uone, ikichanganya umepata mchawi.

MzeeWaGerezani

La breki naunga mkono, anza nalo. La kuendesha bila filta HAPANA, mwanangu usijaribu. Injini ya 2T, hii ya kuchanganya oili kwenye petroli, haina oili kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) kama pikipiki ya Boxer, pistoni inalainishwa na ile oili iliyo ndani ya petroli tu. Ukitoa filta hewa inazidi, petroli inapungua na oili nayo inapungua, joto linapanda, pistoni inashika kwenye silinda ukiwa kwenye spidi na tairi la nyuma linagoma kuzunguka hapohapo. Nimefungua silinda nyingi zilizochunika kwa mtindo huo na kuna watu walianguka nazo. Filta ya PX ni ya wavu, iko juu ya kabureta ndani ya boksi chini ya kava la kulia, skrubu mbili tu. Ioshe kwa petroli, ikauke, irudishe.

Sasa swali ambalo hao mafundi walitakiwa wakuulize kwanza. Ukifungua mafuta, resi inapanda ila skuta haiendi, au injini yenyewe inakataa kupanda resi? Mlio ukipanda juu na spidi ikabaki palepale hiyo ni klachi inateleza, huna haja ya kugusa kabureta wala ringi. Ila kwa ulivyoeleza, mlio mzito, ukirudisha mkono inapata afadhali, naona injini yenyewe ndo inakabwa. Na injini ikikabwa basi ama kuna kitu hakiingii, ama kuna kitu hakitoki, ama moto wa plagi ni dhaifu.

Fanya vitu viwili, havina gharama. Iendeshe mpaka ipate moto sawasawa, ukiwa three umefungua mafuta yote bana klachi na uzime hapohapo, usiiache ikae sailensa, kisha fungua plagi utuambie rangi. Kahawia ni nzuri, nyeupe kavu ina maana petroli haitoshi, nyeusi yenye majimaji ya oili ina maana haichomi vizuri. La pili, ikianza kugoma vuta choki kidogo, ile nobu iliyo chini ya siti mbele karibu na koki ya mafuta. Ikipata nguvu ujue petroli haifiki, tutaangalia koki, tundu la kupumulia la kifuniko cha tanki, na kichujio kidogo cha plastiki kilichojificha kwenye kabureta pale mpira wa petroli unapoingilia, wengi wanaosha kabureta miaka yote hawajui kama kipo. Ikizidi kuwa mbaya basi tuna safari nyingine.

Halafu oili unachanganyaje, na ni oili gani?

Chuma_Chakavu

Uza chukua Boxer mkuu, spea kila kona na kila fundi anaijua. Vespa siku hizi ni ya kupigia picha.

BintiGoba

Shikamoo mzee, asante sana. Kaka Chuma asante nawe ila siuzi, inanipeleka kazini Mwenge kila siku na spea zake naona bado zipo mjini.

Majibu. Tairi linazunguka bila kubana. Resi haipandi, injini yenyewe ndo inagoma. Plagi ni nyeusi tii, ina majimaji, ukiipangusa inaacha masizi mazito kwenye kitambaa. Choki nikivuta inazidi kukohoa, karibu izime. Oili ananiwekea kijana wa dukani karibu na kituo, anamimina kwa makadirio tu kwenye galoni yangu ya lita 5, na ni oili ya kawaida ya gari maana anasema zote ni oili. Moshi upo mwingi kweli, majirani wanalalamika.

MzeeWaGerezani

Marahaba mwanangu. Hapo umetupa kila kitu.

Oili ya gari haikutengenezwa iungue, inaacha mkaa mgumu, tena ikiwa nyingi ndo balaa. PX inataka oili ya 2T kwa asilimia 2, yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli, kwa galoni yako ya lita 5 ni mililita 100. Tafuta chupa tupu ya dawa ya kikohozi ya watoto, ile ya mililita 100, ioshe ikauke vizuri, hicho ndo kipimo chako, usimwachie mtu amimine kwa macho. Usipunguze chini ya hapo ukidhani unasafisha, utaua pistoni.

Na huo mkaa wa miaka yote umeenda wapi? Umekaa kwenye ekzosi na kwenye tundu la silinda la kutolea moshi. Moshi wa zamani haujatoka, mchanganyiko mpya utaingilia wapi? Ndo maana sailensa iko poa, hapo moshi ni kidogo unapenya, ukifungua mafuta yote ndo inakabwa. Fungua ekzosi. Ni klempu kwenye shingo ya silinda na bolti kubwa inayoishikilia kwenye injini, ukitoa tairi la nyuma kwanza unapata nafasi nzuri. Klempu ikigoma ipulizie dawa ya kutu uiache ilale, usiikate.

Dereva_Kgm

Naongezea kwa mzee maana yangu ilikuwa hivihivi, daraja la Kigamboni nalipanda kwa two. Ekzosi mpelekee mchomeleaji mwenye gesi aipashe mpaka mkaa wa ndani uungue, huku unaigonga na ubao uchafu umwagike, iwe nje kabisa sehemu ya wazi maana ule moshi si wa kuvuta. Tundu la silinda usiingize bisibisi hata kidogo! Toa plagi, zungusha injini taratibu pistoni ipande ifunike tundu kwa ndani, hapo ndo unakwangua kwa kijiti cha mti ili uchafu usidondokee ndani na pistoni isichubuke. Na angalia kebo ya choki inarudi yote, yangu ilikuwa inabaki nusu, petroli inazidi muda wote bila mimi kujua.

BintiGoba

Wakuu nimerudi. Bolti ilitusumbua ila ekzosi imetoka, jamani pale shingoni hata kidole cha shahada hakipiti, kumejaa kitu cheusi kigumu kinang'aa kama lami. Tundu la silinda nalo lilibaki nusu. Mchomeleaji kaipasha, tukagonga, umetoka mkaa wa kujaza kopo la maziwa. Tumekwangua na kijiti kama alivyosema kaka wa Kigamboni, filta nimeosha, plagi mpya, oili ya 2T kwa chupa ya dawa. Choki inarudi vizuri.

Makongo nimepanda na three mpaka juu, bajaji nimeziacha nyuma!! Nimefurahi mno. Moshi umepungua hadi nimeshangaa. Ringi hazijaguswa, kabureta ileile.

Ila kuna kingine kimejitokeza, ikishapata moto sana, mfano nimekaa kwenye foleni Mwenge jua la saa nane, nikiondoka inamisi, inakata kata kwenye resi ya juu. Ikipoa inakuwa nzima.

MzeeWaGerezani

Safi sana mwanangu. Kwanza rudia kuangalia plagi, maana sasa injini inapumua na hali ya mchanganyiko inaweza kubadilika, ikiwa kahawia achana na kabureta.

Hiyo ya kukata ikiwa ya moto na kupona ikipoa ni umeme. Anza na waya zinazotoka nyuma ya sumaku (lile gurudumu la pembeni ya injini lenye mapezi) kwenda kwenye CDI, kile kiboksi kinachorusha moto wa plagi. Kwenye PX za umri huo plastiki ya waya inakauka kwa joto, ukiikunja inapasuka na shaba inabaki wazi, ikigusana au ikigusa bodi moto unapotea. Unaweza kuziona zinapotokea kwenye injini bila kufungua kitu. Zikiwa zimepasuka hapo nje, ndani ziko hali mbaya zaidi. Sumaku itolewe kwa pula yake (kifaa cha kuivutia), fundi akishika nyundo na patasi mwambie aache, akiigonga sumaku inapoteza nguvu na mapezi ya kupoozea yanavunjika. Sahani ya koili iliyo nyuma ya sumaku ikitoka apige alama kwanza ilipokuwa imekaa, irudi palepale ili taimingi (wakati wa kuruka moto) isihame, kisha waya zote zibadilishwe ziwekwe za kuhimili joto. Zikiwa nzima ndo uishuku pikapu (kile kikoili kidogo kinachoiambia CDI irushe moto), ikifuatiwa na CDI. CDI usinunue ya kubahatisha, azima ya mtu mwenye PX ujaribu nayo ikiwa ya moto.

Upo Goba sehemu gani? Kama fundi wako hana pula pita Gerezani Jumamosi asubuhi, ulizia mafundi wa vespa, yangu ipo.

BintiGoba

Nipo karibu na Goba Center mzee. Waya nimeziangalia sasa hivi, mbili zimepasuka, nyekundu nikiigusa inamomonyoka mkononi. Jumamosi saa tatu nitakuwa hapo Inshallah.